Bili ya maji ya shule ni ya nani? Barua ya wazi kwa wizara za Maji, TAMISEMI, Elimu na Afya

Waheshimiwa Mawaziri,

Yah: Shule za msingi za vijijini kukatiwa maji kwa kukosa fedha za kulipa

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa kijiji kimoja mkoani Dodoma, na kwa miaka minne sasa ni mhazini wa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kile ambacho wengi kijijini bado tunakiita kwa jina la zamani, jumuiya ya watumia maji. Nimeamua kuwaandikia hadharani kwa sababu barua za kawaida kuhusu jambo hili nimekwisha kuandika. Zilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, zikapanda kwa mtendaji wa kata, na huko zilikopanda sijaona hata moja ikishuka. Sina nia ya kumshtaki mtu. Pengine wa kwanza kushtakiwa ningekuwa mimi, kama mtakavyoona.

Mwezi Agosti mwaka jana niliweka saini kwenye muhtasari wa kikao kilichoamua kuikatia maji shule ya msingi ya kijiji chetu. Shule ilikuwa imetumia uniti 165 (uniti moja ni lita 1,000) bila kulipa, na kwa bei yetu ya shilingi 2,500 kwa uniti deni lilifika shilingi 412,500, la miezi mitano. Wajumbe watatu wa kikao kile tuna wajukuu katika shule hiyo, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Lakini dizeli ya pampu ilikuwa imebaki ya siku mbili, mwenye dizeli alikwisha kukataa kutukopesha, na katiba ya chombo haina kifungu kinachosema kuwa yupo mteja asiyepaswa kulipa. Jioni ile fundi wetu alikwenda na spana, akaifunga koki iliyo nje ya lango la shule, akaipiga kufuli, akaniletea ufunguo nyumbani.

Kesho yake, saa moja kasoro asubuhi, nilisimama kando ya njia nikawatazama watoto wakipita. Wa darasa la kwanza walibeba chupa za lita moja, wakubwa kidogo walibeba madumu ya mafuta ya kula ya lita tano yaliyozibwa kwa gunzi la mahindi, na wasichana wa darasa la sita na la saba, bila ya mtu kuwaambia, walikuwa na ndoo za lita kumi kichwani. Langoni kiranja alikuwa anakagua. Asiye na maji alirudishwa, na aliyerudishwa hakwenda kwenye kilula, yaani bomba la kuchotea la kijiji, kwa sababu kilula kinataka shilingi 50 kwa ndoo. Alikwenda lamboni, kule ng'ombe wanakoingia mpaka magotini, akachota huko huko. Maji hayo yalimiminwa kwenye pipa lililo mbele ya ofisi ya walimu, na pipa hilo ndilo la kunywa, ndilo la kudekia madarasa, ndilo la chooni.

Serikali ina kauli mbiu ambayo sisi wa vijijini tunaipenda kwa dhati, ya kumtua mama ndoo kichwani. Nakiri kwamba katika kijiji chetu kazi hiyo imefanyika: mama aliyekuwa anaamka saa tisa usiku kwenda korongoni sasa anatembea hatua mia mbili, anachota na kurudi kabla uji haujachemka. Ndoo yake imetua kweli. Ila kila siku ya shule asubuhi naiona ikipanda kichwani mwa mjukuu wake.

Naomba mniruhusu nipige hesabu, maana nimefundisha somo hilo kwa miaka thelathini na moja na ndiyo lugha ninayoiamini zaidi. Shule yetu ina wanafunzi 812. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa shule ya kutwa inahitaji angalau lita tano kwa kila mtu kwa siku, kwa kunywa, kunawa na usafi wa kawaida. Kwa wanafunzi peke yao hizo ni lita 4,060 kwa siku, sawa na ndoo 203 za lita 20. Kwa shilingi 50 kwa ndoo ni shilingi 10,150 kwa siku, na kwa siku 194 za masomo katika mwaka ni shilingi 1,969,100. Sasa tutazame mfukoni mwa shule. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, kiwango ambacho mizizi yake ni MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa mwaka 2002, na katika hizo, shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Zinazotakiwa kuja shuleni ni 6,000, ambazo kwa shule yetu, zikija zote bila kupungua, ni shilingi 4,872,000. Kwa maneno mengine, mwalimu mkuu akitaka kulipia maji ya kiwango cha chini kabisa, atatoa fungu mbili katika kila tano za ruzuku, na kwa fungu tatu zinazobaki anunue chaki, achapishe mitihani, akarabati madawati na paa, alipe nauli za kwenda halmashauri kwa mwaka mzima. Hawezi. Sikuwahi kukutana na mwalimu mkuu aliyeweza, na mimi mwenyewe nilipokuwa mwalimu mkuu sikuweza. Tofauti ni kwamba wakati wangu bomba lilikuwa bado halijafika, kwa hiyo aibu yangu haikuwa na dira ya maji ya kuihesabu.

Kuna watakaosema, basi chombo kiipe shule maji bure, kwani watoto ni wa kijiji hicho hicho. Jambo hili nimelifikiri sana. Mimi ni wa umri unaokumbuka enzi ambazo maji ya vijijini hayakulipiwa. Mwaka 1971 nchi ilijiwekea lengo kwamba ndani ya miaka ishirini kila mwananchi wa kijijini apate maji yasiyozidi mita 400 kutoka kwake, visima vikachimbwa na mashine zikafungwa kwa moyo mkubwa. Lakini shule ya kwanza niliyopangiwa kazi ilikuwa jirani na nyumba ya pampu ambayo ndani yake kuku walitagia juu ya injini. Haikuharibika sana, ilikosa mkanda na dizeli, na hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kununua mkanda. Ndiyo maana Sera ya Maji ya 2002 iliposema kuwa jamii ichangie gharama zote za uendeshaji na matengenezo, mimi niliiunga mkono na ninaiunga mkono hata leo. Hata hivyo, Serikali ilipovihesabu vituo vya maji vya vijijini nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010, karibu vinne katika kila kumi vilikutwa havitoi maji. Chombo kinachogawa maji bila kulipwa kinajiandikisha kwenye hesabu hiyo. Na maji yakiitwa ya bure kwa shule, yupo anayeyalipia: ni yule mama wa ndoo ya shilingi 50, ambaye tutalazimika kumwambia sasa ni 70.

Wengine wanatushauri tuvune maji ya mvua. Ushauri ni mwema, na mfadhili mmoja alitufungia tangi la plastiki la lita 5,000, simtanki kama tunavyoliita, likapigwa picha na watoto wakaimba. Lakini lita 5,000 kwa shule yenye watoto 812 ni matumizi ya siku moja na robo. Paa la madarasa mawili, lenye ukubwa wa kama mita za mraba 160, kwa mvua zetu za milimita 550 hivi kwa mwaka, na tukiondoa moja ya tano inayopotea, litatoa lita kama 70,000, ambazo hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya mahitaji ya mwaka. Tena mvua yenyewe huku kwetu inaanza Desemba na kukatika Aprili, na shule haifungwi Mei. Tangi lile sasa mfereji wake wa bati umedondoka upande mmoja, na nyuki wameingia kwa juu. Mwalimu wa zamu ameweka mawe kuzunguka ili watoto wasisogee.

Nahamia kwenye vyoo, nikiomba radhi kwa lugha nitakayotumia, ingawa nadhani tumekuwa na adabu mno katika jambo hili. Mwongozo wa taifa wa maji na usafi wa mazingira shuleni unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kwa wasichana wetu 423 hiyo ni matundu 22, na kwa wavulana 389 ni matundu 16, jumla 38. Tunayo tisa. Katika hayo, mawili yalititia wakati wa mvua kwa kuwa shimo lilichimbwa kwenye udongo wa kichanga bila kujengewa ukuta wa matofali, kwa hiyo yanayotumika ni saba, na katika taarifa za kata bado yanasomeka tisa. Nilipita huko mwezi mmoja baada ya maji kukatwa. Sakafu ya saruji ilikuwa na majimaji ambayo hayakuwa maji, milango miwili tu ndiyo ilikuwa na komeo, na nyuma ya jengo, kwenye minyaa, palikuwa na njia nyembamba iliyokanyagwa ikakanyagika. Sikuhitaji kuuliza inakwenda wapi. Vibuyu chirizi, vile vya kunawia mikono, ambavyo klabu ya afya ilivitundika kwa kamba vilikuwa vitatu, vyote vikavu, kimoja kimewekewa maua ya plastiki.

Watoto hawa si kwamba hawajui. Ukiwauliza nyakati muhimu za kunawa mikono watakujibu kwa wimbo, kuanzia baada ya kutoka chooni mpaka kabla ya kumlisha mtoto. Taifa hili lina historia ndefu ya kuelimisha: mwaka 1973 redio ilituunganisha kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vikakaa chini ya miti kusikiliza na kisha wakaenda kuchimba vyoo kweli, na katika miaka ya karibuni tumekuwa na Nyumba ni Choo. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 nayo inambana mwenye nyumba awe na choo, na bwana afya wetu hupita akiandika faini. Ninalojiuliza ni hili: huyo bwana afya akisimama mbele ya choo cha shule yetu, faini amwandikie nani?

Kwa wasichana wakubwa hali ni nzito zaidi. Nimekaa na daftari za mahudhurio kwa miaka mingi, na najua jinsi ya kuzisoma. Msichana wa darasa la saba anaomba ruhusa akisema tumbo linauma, amefunga sweta kiunoni saa sita ya mchana wakati jua la Dodoma linapasua kichwa, na baada ya siku tatu anarudi. Mwezi unaofuata, tarehe zile zile, tumbo tena. Zamani nilikuwa naandika tu "mgonjwa". Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike katika bajeti ya 2018/19 tulishukuru, na iliporejeshwa mwaka uliofuata tuliambiwa kuwa bei dukani haikuwa imeshuka. Sitaki kuufufua mjadala huo hapa, kwa sababu hata taulo ikitolewa bure, msichana anahitaji mlango unaofungika, ndoo ya maji ndani ya mlango huo, na mahali pa kuitupa. Chumba cha kujisitiri kwenye shule yetu kipo, kilijengwa vizuri na kina vigae. Kimegeuzwa stoo ya mahindi ya uji wa shule, maana bila maji kilikuwa hakina kazi nyingine.

Sisi wa Dodoma tuna jambo jingine la kusema juu ya maji, nalo ni macho. Kongwa, si mbali na tulipo, imekuwa kwa miongo mingi mahali pa utafiti wa trakoma, ugonjwa wa vikope, na sehemu kubwa ya kile ambacho dunia inakijua kuhusu uso mchafu wa mtoto, inzi na upofu wa bibi yake imetoka katika vijiji vya hapa. Mkakati unaofuatwa una nguzo nne: upasuaji wa kope, dawa, kuosha uso na usafi wa mazingira. Dawa tumezimeza, zilikuja kwa gari mpaka mlangoni, na tunashukuru. Kuosha uso kunahitaji maji yasiyojaza hata kikombe kwa mtoto mmoja. Inzi anayebeba ugonjwa huo huzaliana kwenye kinyesi kilichoachwa wazi, kama kile cha kwenye minyaa yetu. Kwa hiyo Wizara ya Afya inalipia nguzo ya pili, na kwa sababu ya bili isiyo na mlipaji, nguzo ya tatu na ya nne zinaangukia pale pale langoni penye kufuli.

Waheshimiwa, nimeeleza haya yote ili nifike kwenye jambo moja. Bomba limefika. RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, tangu ilipoanzishwa kwa Sheria Namba 5 ya mwaka 2019, imefanya kazi ambayo mtu wa rika langu hakutegemea kuiona akiwa hai. Lakini bomba la RUWASA liko chini ya Wizara ya Maji, shule iko chini ya halmashauri na TAMISEMI, viwango vya choo vimetoka Elimu, na bwana afya ana wakubwa wake. Na kati ya wizara hizi nne sijaona hata moja yenye mstari kwenye bajeti ulioandikwa "maji ya shule za msingi". Kila mmoja anadhani mstari huo upo kwa mwenzake.

Ninaomba mstari huo uandikwe. Uwe nje ya ruzuku ya uendeshaji, usichanganywe nayo, kwa kuwa kilichochanganywa na chaki kitaliwa na chaki. Halmashauri ilipe moja kwa moja kwa chombo kila robo mwaka, kwa usomaji wa dira uliosainiwa na mwalimu mkuu pamoja na fundi wa chombo, ili fedha isizunguke kwenye akaunti ya shule na kuchelewa. Najua mtakachohofia, na mna haki: asiyelipa mwenyewe haoni koki inayovuja. Basi pawe na kikomo. Lita tano kwa mwanafunzi kwa siku 194 ni lita 970, kasoro kidogo tu kufika uniti moja, ambayo kwa bei yetu ni shilingi 2,425 kwa mtoto kwa mwaka mzima, karibu na bei ya soda tatu kwenye duka la kijijini. Shule ikizidisha hapo, mwalimu mkuu ajieleze kwa kamati ya shule. Na pale ambapo pampu ya dizeli itabadilishwa kuwa ya sola, kama ilivyofanyika kwenye skimu nyingine, gharama hiyo itashuka zaidi, nasi tutakuwa wa kwanza kushusha bei.

Pamoja na hilo, naomba wahandisi wanapochora skimu mpya waihesabu shule kama mteja mkubwa tangu siku ya kwanza, na bomba lisiishie langoni penye jiwe la uzinduzi bali lifike chooni, jikoni na kwenye sinki la kunawia. Naomba pia taarifa za matundu ya vyoo zikusanywe na mtu aliyefungua mlango na kuangalia ndani. Hilo halihitaji fedha yoyote.

Michango siiombi irudi. Tangu Januari 2016 elimu msingi ni bila malipo, na mwanzoni mwa 2018 michango ya lazima ilipigwa marufuku kwa kauli kali iliyotusaidia wengi. Ila nawaomba mtambue kwamba lile dumu la lita tano lenye kizibo cha gunzi ni mchango, tena wa kila siku, na anayetozwa ana umri wa miaka minane.

Halmashauri huanza kupanga bajeti zake baada ya Serikali kutoa mwongozo, na Bunge la kuipitisha linakaa hapa hapa mkoani kwetu kuanzia Aprili. Muda upo.

Kabla sijaweka kalamu chini, kuna jambo ambalo wajumbe wenzangu watalisoma hapa kwa mara ya kwanza. Ufunguo wa lile kufuli unaning'inia kwenye msumari nyumbani kwangu. Tangu Septemba, kila Ijumaa mchana watoto wanapofanya usafi, nimekuwa nikienda kuifungua koki kwa saa moja ili vyoo vioshwe na mapipa yajazwe. Ni uniti mbili, wakati mwingine tatu. Katika kitabu cha hesabu nimekuwa nikiziandika kama maji yaliyopotea njiani kwa kuvuja, na mhazini aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu anajua hilo linaitwaje. Mkaguzi anatarajiwa mwezi ujao. Naomba mnielekeze, maji hayo niyaandike kwenye safu ya nani?

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na mhazini wa chombo cha maji,
Dodoma